Wito wa Mama Ulivyofika Kang'ata

Wifi yangu alinisaliti akiwa amejifunga kamba yetu kiunoni. Nalitaja hili mapema kwa sababu watu wa Kilole wanaosimulia habari hii husema alihamia upande wa pili, na mimi sipendi uongo hata ukiwa unanifaa. Hakuhama. Siku ya fainali alisimama pale pale alipozoea kusimama, mtu wa mwisho kwenye kamba, akavuta mpaka visigino vikachubuka. Ndiyo maana ilinichukua muda kuelewa tulichofanyiwa.

Sisi ni klabu ya wanawake ya kuvuta kamba. Najua wapo wanaocheka wakisikia hivyo, wanadhani ni mchezo wa watoto wa shule siku ya kufunga muhula. Waje wasimame mbele ya wanawake wanane ambao kutwa nzima wananyanyua singa mbichi za mkonge na kuzirusha juu ya waya zikauke, halafu waendelee kucheka. Klabu ilianzia hapo, kwenye uwanja wa kuanikia wa shamba la mkonge nje kidogo ya mji wa Korogwe. Babu zetu waliletwa kukata mkonge kutoka kila upande wa nchi na hata nje yake. Lugha zao wengi wetu hatukuzirithi. Tulirithi vyumba vya kambi na zile waya.

Mei Mosi moja, kabla mimi sijawa na akili ya kufuatilia mambo, msimamizi wa shamba aliambiwa apeleke timu ya wanawake ya kuvuta kamba. Akachukua wanane waliokuwa karibu naye wakianika, kama mtu anayechota maharage bila kuchagua. Mama yangu alikuwa mmojawapo. Walikwenda Korogwe mjini miguu mitupu, khanga zimefungwa vifuani, wakashinda kila aliyesimama mbele yao. Waliporudi mama akasema hawavuti tena kamba ya kuazima. Wakaokota singa zilizokatika, zile ambazo shamba halizitaki, wakasokota yao wenyewe jioni baada ya kazi. Ilikuwa nene kama kifundo cha mkono wa mtoto, na kwa asiyezoea mkonge ilikwaruza viganja vibaya sana. Kila mashindano tulikwenda nayo, na wenyeji walikuwa wanaikubali, maana nzuri kuliko hiyo hawakuwa nayo.

Lakini kamba haikutushindia. Kilichotushindia ni wito wa mama.

Timu zote nilizowahi kuona huvuta kwa sauti. Kiongozi anapaza, wote wanavuta pamoja naye. Mama alijifunza kinyume chake kisimani. Pampu ya kambi ilikuwa inakufa mara kwa mara, na ikifa wanawake walivuta maji kwa kamba ndefu kutoka kisima kirefu. Hapo aligundua kuwa mtu anayeimba havuti, anajipumzisha. Alikuwa akisema ukimwona mtu anaimba na anavuta kwa pamoja, ujue kimojawapo anadanganya. Basi akatunga wito wa kuitiwa wakati watu wameshikilia tu, wamelala nyuma, hawafanyi kitu: kamba hee, kamba hee, kamba njoo nyumbani. Wapinzani wakisikia sauti ile wanajikaza, wanangoja mvuto. Mvuto hauji. Wanachoka kungoja. Kisha sauti inanyamaza, wao wanalegea kidogo wapate pumzi, na hapo kwenye kimya ndipo sisi tunapovuta.

Tena kimya chenyewe hakikuja mahali pa kutegemewa. Mama hakumaliza neno la mwisho. Alilikata katikati, njoo nyumba, basi, kama mtu aliyezibwa mdomo. Mpinzani bado anasubiri kipande kilichobaki, nasi tumeshaondoka naye.

Mimi niliurithi wito mama alipoishiwa sauti, lakini kuukata sikuweza. Nilijaribu sana. Ulimi wangu ulifika mwisho wa neno wenyewe. Tulikuwa tunashinda hata hivyo, kwa sababu kimya kilikuwa palepale, ila wifi alikuwa hanisamehe. Yeye ni dada wa mume wangu, tulikaa chumba kwa chumba kambini kabla mimi na mume wangu hatujahamia Kilole ninakoshona nguo, na utani wetu wa mawifi haukuwa na mipaka. "Wewe unafunga mlango," alikuwa akiniambia mazoezini, amejifunga kamba kiunoni na mikono ameiweka nyongani. "Mama alikuwa anauacha wazi." Nilimjibu kwamba aliyezoea kukaa mkiani mwa kamba asifundishe kichwa. Wenzetu wakacheka, tukaendelea kuvuta.

Nikianza kutaja tulikoshinda sitamaliza leo. Mei Mosi za Korogwe tulizizoea mpaka timu nyingine zikawa zinaomba kupangwa mbali nasi. Mombo tulivutia karibu na barabara kuu, na abiria wa mabasi walioshuka kununua mahindi ya kuchoma walikataa kupanda tena mpaka waone mwisho, makondakta wakatutukana sisi badala ya kuwatukana abiria wao. Halafu likaja kombe la wilaya zetu, Korogwe na Handeni, na sharti lake lilikuwa moja: anayelibeba mara tatu mfululizo halirudishi tena. Tulilibeba mara ya kwanza. Tulilibeba mara ya pili. Lilikaa kwenye ofisi ya mizani ya shamba, mkono wake mmoja umevunjika kwa kupokewa na watu wengi kwa pamoja, na wanawake walioacha kazi ya kuanika miaka mingi walikuwa wanapita kulitazama tu.

Kati ya mara ya pili na ya tatu mama alifariki. Aliugua kwa muda, na sisi wawili ndio tuliomuuguza. Mimi nilikuwa na cherehani na wateja Kilole, nikienda jioni. Wifi alikuwa jirani, hivyo yeye ndiye aliyemwogesha na kumlisha uji, na mama akazoea kumwita mwanangu, jambo ambalo nililisikia na kulinyamazia. Alasiri moja alituita wote wawili karibu na kitanda akasema wito ule ni wa kambi. Kambi inaisha, akasema, vyumba vinabomoka, watoto wenu watakuwa watu wa mjini. Msiutoe. Tukaitikia pamoja, ndiyo mama. Wifi alikuwa ameushika mguu wake na mimi mkono. Kwangu mimi hicho kilikuwa kiapo, na sikuona haja ya kumwuliza mwenzangu kama na yeye amekihesabu hivyo.

Baada ya arobaini wifi akaolewa. Alikuwa ameachika miaka mingi, tukafurahi. Mwanamume alikuwa mkulima wa Kang'ata, mtu mpole aliyefiwa na mke, na mimi mwenyewe nilishona gauni na kumsindikiza mpaka kwake huko ndani Handeni, nikacheza mpaka viatu vikakatika. Aliahidi hataacha kuvuta. Hakuacha. Jumamosi alikuwa anashuka basi Korogwe na kifurushi cha mbaazi au mahindi mabichi, anakuja moja kwa moja uwanja wa kuanikia, anafunga kamba kiunoni. Wako walioniambia kikulacho ki nguoni mwako, huyo sasa ni mtu wa Handeni na fainali tutavuta na Handeni. Nikawajibu kwamba mimi nguo zangu nazifua.

Fainali ilikuwa Handeni mjini, uwanja wa mpira. Kosta yetu ilifika mapema, tukajipaka majivu viganjani kama kawaida, tukachimbachimba ardhi kwa visigino. Wapinzani walikuwa wamevaa fulana za kijani, wanawake wa vijijini, wembamba kuliko sisi. Nakumbuka niliwahurumia. Niliangalia mikono yao nikajisemea kamba yetu itawachuna.

Refa akainua mkono, akaushusha. Nikaanza kuita. Kamba hee. Wenzangu wakalala nyuma, wameshikilia. Kamba hee. Nilipokuwa naita nilimtazama kiongozi wao, mwanamke kijana amesimama pembeni ya kamba kama mimi, nikashangaa kwamba yeye haiti chochote. Alikuwa ameinua kiganja, amekikunjua, anawazuia watu wake wasijikaze. Walikuwa wamelala nyuma kama sisi. Walikuwa wanapumua. Kamba njoo nyumbani, nikamaliza, nikanyamaza, na papo hapo kiganja chake kikashuka.

Walivuta ndani ya kimya chetu. Sijui niseme vipi ili mtu ambaye hajawahi kuwa mle aelewe. Ni kama kuingia jikoni kwako ukakuta mtu anapika kwa sufuria zako, na anajua chumvi iko wapi. Wenzangu walivuta, wale wakavuta, lakini wale walikuwa wanatungoja na sisi hatujawahi kungojwa. Kitambaa chekundu cha katikati kikaondoka kwetu. Mvuto wa pili nilijaribu kubadilisha, nikaurefusha wito, nikaufupisha. Kiganja chake kilinifuata kila nilikokwenda. Tulipoanguka wote kifudifudi nikasikia uwanja unapiga kelele, na mimi mdomo wangu umejaa vumbi, nikahesabu watu wanaoujua wito ule kutoka ndani. Wengine wote walikuwa watu wa Korogwe, hawakuwa na ndugu Handeni. Sikuhitaji kuhesabu mbali.

Nilimkuta nyuma ya goli amekaa chini, anamwagia visigino maji ya chupa. Damu ilikuwa imechanganyika na udongo. Nilisimama mbele yake mpaka akaona miguu yangu.

"Wifi, umewaambia," nikasema.

Hakuinua kichwa. "Nimewaambia."

Nilikuwa nimejiandaa akikana. Nilikuwa na maneno mengi ya mtu anayekana, na yote yakaniozea mdomoni.

"Lini?"

"Kiangazi kilichopita. Kisimani." Akaendelea kumwagia mguu wa pili. "Pampu ya kijiji ilikufa. Wanavuta maji kwa kamba, wanaimba huku wanavuta, wifi. Asubuhi mpaka jua la utosi. Ndoo inapanda nusu inashuka. Na mimi mgeni, wananiita mtu wa kambi, hakuna hata mmoja ananiuliza umeamkaje. Nimekaa nao pale siku nyingi nikiwatazama wanavuta vibaya. Nikashindwa."

"Ukashindwa nini?"

"Kutazama."

"Mama alisema usiutoe."

"Sikufundisha timu. Niliwafundisha kuteka maji."

Kwa sekunde moja nilitaka kumwamini, nikaketi hata mimi. Kisha likanijia swali ambalo mpaka leo natamani lisingenijia. "Ulijua lini kwamba hao wa kisimani ndio watakaovuta na sisi?"

Akafunga kizibo cha chupa taratibu. "Walipochaguliwa."

"Kabla ya Ramadhani?"

"Kabla."

"Na Jumamosi zote ulizokuja, unaniletea mbaazi, unanicheka nafunga mlango, ulikuwa unajua."

Akanyoosha miguu yake mbele yangu. Akasema, "Leo nimevuta na ninyi kwa nguvu zangu zote. Hujaiona miguu yangu?"

"Nimeiona," nikamwambia. "Mikono ilikuwa yetu. Mdomo ulikuwa wao."

Tulirudi Korogwe bila yeye na bila kombe. Kwenye kosta hakuna aliyeimba, hata wale wanaoimba wakishindwa. Jioni ile ile akajitoa kwenye kundi letu la simu, na chini ya taarifa kwamba amejitoa hakuna aliyeandika neno, mimi nikiwa wa kwanza. Mume wangu alijaribu kusuluhisha, akasema mmoja ni dada yangu na mwingine ni mke wangu, mkinikataa wote nitahamia banda la kuku. Sikucheka. Mimi kushindwa najua, nimeshindwa mambo mengi, mitihani, mimba mbili, duka. Lakini kuna kushindwa na kuna kuuzwa, na kinachouma kwenye kuuzwa ni kukumbuka jinsi ulivyokuwa unacheka na muuzaji. Kila mbaazi niliyochambua mwaka ule ilinirudia kooni.

Klabu haikufa, ila ilikonda. Nafasi ya mwisho kwenye kamba tulimweka mwanamke mnene na mwema ambaye hakujua kujifunga. Mimi nikaacha kuita. Nilisema koo linauma. Mwenzetu mmoja akaita badala yangu kwa mtindo wa kawaida, harambee na kadhalika, tukawa timu kama timu nyingine, tunashinda hapa tunashindwa pale. Kombe likabaki Handeni.

Mwaka huu mama mkwe wa wifi akafariki, na msiba hauna cha kununiana. Mume wangu alivaa kanzu, mimi nikajifunga khanga, tukapanda basi mpaka Handeni na bodaboda mpaka Kang'ata. Wifi alinipokea mlangoni, tukakumbatiana kama wanavyokumbatiana watu wanaotazamwa. Nikampa pole, akaipokea. Baada ya maziko tukawekwa kwenye kazi za jikoni, na kazi ya kwanza ya msiba wenye watu wengi ni maji.

Pampu yao ilikuwa imekufa tena. Tulifuatana na ndoo mpaka kisimani, wanawake wengi, mimi nyuma. Walikuwa na kamba ya katani, nikaitambua kwa macho kabla sijaishika: imesokotwa kama yetu. Aliyesimama kuita nilimtambua pia. Alikuwa yule mwanamke kijana wa fulana za kijani, sasa amejifunga kitenge, na yeye hakunitambua au alikuwa na adabu ya kutonitambua. "Shikamoo mama," akaniambia. "Shika hapo nyuma, utusaidie."

Nilishika. Ningefanyaje, msibani.

Akaita. Kamba hee. Wanawake wa Kang'ata wakalala nyuma, wakatulia, wengine wanatabasamu kwa kupumzika. Kamba hee. Sauti yake haikuwa kubwa. Kamba njoo nyumba, akasema, na hapo akaukata.

Mwili wangu ulivuta kabla yangu. Nilikuwa sijausikia tangu mama aishiwe sauti, ule mkato, neno limeachwa wazi na kimya kinaingia kwa nguvu kama maji. Ndoo ikapanda mara moja mpaka ukingoni. Akaita tena, akaukata tena. Kilichonipanda kifuani hakikuwa huzuni, msinihurumie. Ilikuwa hasira. Wageni, watu ambao mama hakuwahi kuwaona, walikuwa naye mzima pale kisimani, na mimi niliyetoka tumboni mwake nilikuwa nimebaki na wito wenye mlango uliofungwa.

Ndoo zilipojaa nilimsogelea wifi. Alikuwa anasokota kata ya khanga ya kuweka kichwani.

"Anaukata," nikasema.

"Anaukata vizuri."

"Nani kamfundisha?"

"Mimi."

"Wewe ulijifunza wapi? Hujawahi kuita hata siku moja."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya fainali niliona anaogopa, hakuogopa hivyo hata nyuma ya goli. "Kwa mama," akasema. "Nilipokuwa namwogesha. Ananishika bega hivi, ananiambia sema, nasema, ananiambia bado. Kila siku kidogo, mpaka nikaupata."

"Mbona mimi hakunifundisha?"

"Usiniulize hilo, wifi."

"Nakuuliza."

Akaweka kata kichwani, akaitoa tena. "Alisema wewe una haraka ya kumaliza. Akasema nisikuambie, utaumia."

Kwa hiyo alituita kitandani akatuapisha wote wawili, na mmoja wetu alikuwa ameshapewa na mwingine ameshanyimwa, na kati yetu watatu pale chumbani ni mimi tu niliyekuwa sijui. Miaka yote nilikuwa namchukia mtu mmoja. Wa kuambiwa hakuwa wifi, na wa kuambiwa tulimzika Korogwe.

Alinisaidia kuinua ndoo, nikaipokea kichwani. Tukaanza kurudi msibani, yeye mbele, mimi nyuma. Kisimani yule binti alikuwa anaita tena kwa ajili ya waliobaki, na kila alipoukata wito, mimi peke yangu kati ya wote pale nilikuwa bado nausubiri umalizike.